Kupashwa Moto, Kukauka na Kuiva: Uhakiki wa Lugha ya Kuelezea Oksaidi za Metali katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili imekuwa, kwa sehemu kubwa, mijadala ya nomino. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko kilipofuata mwaka 1992, swali lililoulizwa mara nyingi zaidi ni hili: kitu hiki kiitweje? Swali la pili, yaani kitendo hiki kisemweje, limepewa nafasi ndogo. Makala haya yanadai kwamba swali hilo la pili ndilo linaloamua iwapo mwanafunzi ataelewa au atakariri tu, na kwamba Kiswahili kina akiba ya vitenzi vya moto ambayo wanaistilahi hawajaitumia ipasavyo.

Mfano uliochaguliwa ni matumizi ya spektroskopia ya infraredi katika kuchunguza oksaidi za metali zilizopashwa moto. Huenda mfano huu ukaonekana kuwa mbali na mambo yanayozoeleka katika taaluma za Kiswahili. Hata hivyo, umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni uwanja ambao ndani yake vitendo ni vingi kuliko vitu: kitu kile kile hupata joto, hupoteza maji, hubadili umbo la ndani, hubadili rangi, na kila hatua hudai kitenzi chake. Pili, jambo lenyewe haliko katika maabara pekee. Mjini Bunia, makao makuu ya Jimbo la Ituri, nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma, na tofali la kuchoma ni udongo wenye oksaidi za metali uliopitishwa motoni. Baada ya vita vya mwaka 1999 hadi 2003 na machafuko yaliyorudi katika miaka ya baadaye, kujenga upya ni sehemu ya maisha ya watu wa Ituri. Iwapo tofali litastahimili mvua au litarudi kuwa tope ni swali la kemia, lakini pia ni swali la lugha: je, mwanafunzi aliyesoma kemia anaweza kumweleza mchoma matofali kile alichokisoma?

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kemia hufundishwa kwa Kifaransa. Tanuri huendeshwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za Ituri. Pengo kati ya darasa na tanuri ndilo linalochunguzwa hapa.

2.0 Kile kinachoonekana kwa infraredi

Kabla ya kuihakiki lugha, hapana budi kulieleza jambo lenyewe. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto katika kila rangi. Aligundua kwamba kipimajoto kilichowekwa ng'ambo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kilipanda kuliko vyote. Mwanga huo usioonekana ndio unaoitwa infraredi. Mwaka 1905 Mmarekani William Coblentz alichapisha vipimo vya dutu nyingi vilivyoonyesha kwamba kila dutu huufyonza mwanga huo kwa namna yake.

Sababu ni kwamba atomu zilizoungana hazitulii. Kiungo kati ya atomu mbili hutetema mithili ya kamba iliyovutwa, na kila kiungo kina mwendo wake wa kutetema, kutegemea uzito wa atomu na nguvu ya kiungo chenyewe. Mwanga wa infraredi wenye mwendo unaolingana na mtetemo huo hufyonzwa, ilimradi mtetemo wenyewe uambatane na badiliko la mgawanyo wa chaji za umeme. Mwanga mwingine hupita. Mchoro unaoonyesha ni wapi mwanga umefyonzwa huitwa spektra, na kila bonde katika mchoro huo huitwa mkanda. Mahali pa mkanda hutajwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja, na vipimo vya kawaida huanzia 4000 hadi 400.

Njia inayotumika sana ni kusaga miligramu moja hivi ya dutu, kuichanganya na miligramu mia moja au mia mbili za chumvi ya potasiamu bromaidi, na kuigandamiza iwe kidonge chembamba kinachopitisha mwanga. Atakayefanya hivyo lazima aikaushe chumvi hiyo kwanza, kwani hunyonya unyevu wa hewani na unyevu huo huweza kudhaniwa kuwa ni wa dutu inayochunguzwa.

Udongo wa nchi za tropiki una mengi ya kuonyesha katika kipimo hiki. Madini mawili yanatosha kwa mjadala huu. La kwanza ni kaolinaiti, yaani udongo mfinyanzi mweupe ambao ndani yake alumini, silikoni na oksijeni zimeshikana na vikundi vya oksijeni na haidrojeni. Vikundi hivyo huacha mikanda myembamba iliyo dhahiri karibu na 3695 na 3620. La pili ni gothaiti, aina ya kutu ya rangi ya manjano au kahawia, yenye mikanda karibu na 890 na 795. Zaidi ya hayo, maji ya kawaida yaliyonaswa katikati ya chembe za udongo huonyesha mkanda mpana karibu na 3400 na mwingine karibu na 1630.

Udongo huo ukipashwa moto, mabadiliko hufuatana kwa mpango. Karibu na nyuzi 100 za selsiasi, maji ya kawaida huondoka na mkanda wa 1630 hufifia. Kati ya nyuzi 250 na 300 hivi, gothaiti hugeuka kuwa hemataiti, oksaidi nyekundu ya chuma: mikanda ya 890 na 795 hutoweka na mahali pake hutokea mingine karibu na 540 na 470. Katika badiliko hilo, kila gramu 100 za gothaiti safi hutoa gramu 10 hivi za maji, ingawa gothaiti hiyo ilikuwa imekauka kabisa. Kati ya nyuzi 450 na 600, kaolinaiti nayo hupoteza vikundi vyake vya oksijeni na haidrojeni, takribani gramu 14 katika kila gramu 100, na mikanda ya 3695 na 3620 hufutika. Udongo uliofika hapo, ukirudishwa majini, haurudi tena kuwa tope.

3.0 Nomino na mipaka yake

Nomino za uwanja huu zimejadiliwa vya kutosha, na hapa zitapitiwa kwa haraka. Kasoro ya kwanza ni kukosa ulinganifu. Mwanga ulio ng'ambo ya urujuani umepewa jina la Kiswahili, urujuanimno; ule ulio ng'ambo ya wekundu umebaki na jina la kukopa, infraredi. Mwanafunzi anayekutana na maneno haya mawili hana njia ya kutambua kwamba yanataja pande mbili za upinde mmoja. Tena, kiambishi -mno kinadokeza urujuani uliozidi, wala si mwanga uliovuka mpaka wa urujuani. Hili ni kosa dogo, lakini linaonyesha kwamba istilahi ziliundwa moja moja badala ya kuundwa kwa jozi.

Kasoro ya pili inaikabili Kongo zaidi. Istilahi zilizosanifiwa Dar es Salaam zilikopwa kwa sauti ya Kiingereza: oksaidi, haidrojeni, naitrojeni. Mwanafunzi wa Bunia husikia kwa mwalimu wake oxyde, hydrogène na infrarouge. Kwake oksidi, hidrojeni na infraruji yangekuwa maneno ya karibu zaidi. Makala haya hayapendekezi kuanzisha seti ya pili. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na hakuna faida katika kuwa na kemia mbili za Kiswahili kwenye soko moja la vitabu. Hata hivyo, ni haki kudai kwamba kamusi za baadaye zionyeshe asili ya Kifaransa kando ya ile ya Kiingereza, ili msomaji wa Bunia, Goma au Lubumbashi atambue kwamba oksaidi ndiyo oxyde anayoijua.

Kasoro ya tatu ina uzito kuliko hizo mbili. Kiswahili kina majina ya asili ya baadhi ya oksaidi na dutu zinazokaribiana nazo, lakini kila jina limebeba dutu zaidi ya moja. Mfano bora ni chokaa. Kwa karne nyingi wajenzi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, walipanga matumbawe juu ya magogo na kuyachoma. Matumbawe ni kalisi kaboneti. Yanapofika karibu na nyuzi 900 hutoa hewa ya kaboni dioksaidi na kubaki oksaidi ya kalisi. Oksaidi hiyo ikitiwa maji huchemka na kuwa haidroksaidi; ikipakwa ukutani hufyonza kaboni dioksaidi polepole na kurudi kuwa kaboneti. Dutu hizi tatu, ile itokayo motoni, ile iliyotiwa maji na ile iliyogandia ukutani, zote huitwa chokaa. Infraredi huzitenganisha bila taabu: kaboneti ina mikanda karibu na 1420, 875 na 712, na haidroksaidi ina mkanda mwembamba karibu na 3640. Neno kutu lina hali kama hiyo, kwani kutu nyekundu ya chuma na kutu ya kijani ya shaba hazifanani kikemia, na ile ya shaba kwa kawaida si oksaidi hata kidogo.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba majina ya asili yaachwe kwa kuwa hayana usahihi. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Fundi wa chokaa hakuzichanganya dutu zake tatu; alizitofautisha kwa kutaja kilichotendeka: chokaa iliyotoka tanuuni, chokaa iliyotiwa maji, chokaa iliyoshika. Usahihi wake ulikaa katika kitenzi. Aliyekusanya nomino na kuacha vitenzi alichukua kibuyu akamwaga maji.

4.0 Vitenzi vya tanuri

Katika Kiswahili cha kila siku, tendo la kupeleka kitu motoni lina vitenzi vingi: kupasha, kuchoma, kuoka, kubanika, kuunguza, kuivisha, kuyeyusha. Katika maandishi ya sayansi vitenzi hivi aghalabu hutumiwa kana kwamba ni visawe. Uhakiki wa maana zake unaonyesha kwamba sivyo.

4.1 Kupashwa moto

Kitenzi hiki hutaja ongezeko la joto peke yake. Kitu kilichopashwa moto kinaweza kupoa na kurudi kilivyokuwa, kama vile chakula cha jana kinavyopashwa asubuhi. Katika spektra, oksaidi inayopashwa moto bila kugeuka huonyesha mikanda iliyopanuka kidogo na kusogea kuelekea namba ndogo, kwa kuwa viungo hulegea. Ikipoa, mikanda hurudi mahali pake. Kwa hiyo kupashwa moto ni jina sahihi la badiliko linalorudika.

4.2 Kukauka

Kukauka ni kupoteza maji yaliyomo kama maji. Tofali bichi lililoanikwa juani limekauka. Ni gumu, lina mlio likigongwa, na mgeni anaweza kulidhania kuwa limekamilika. Lakini likitiwa majini huyeyuka kuwa tope. Spektra yake inaeleza sababu: mkanda wa 1630 umefifia, lakini ile ya 3695 na 3620 ingali mahali pake. Maji yameondoka, udongo umebaki udongo.

4.3 Kuiva

Hapa ndipo Kiswahili kinapoishinda lugha ya vitabu vya kukopa. Wachoma matofali husema tofali limeiva au halijaiva. Kwa kawaida matofali hupangwa yenyewe yakawa tanuri, yakaachiwa matundu ya kutilia kuni chini, na ukubwa wa moto hautoshani kila mahali. Matofali ya pembeni hukauka bila kuiva. Fundi huyatambua kwa rangi, kwa mlio na kwa maji. Rangi nyekundu humwambia kwamba kutu ya manjano imegeuka kuwa hemataiti, jambo linalotokea kabla ya nyuzi 300. Hata hivyo, rangi peke yake inaweza kumdanganya, kwa kuwa tofali linaweza kuwa jekundu huku kaolinaiti yake ikiwa bado haijaguswa na moto. Ndiyo maana fundi mzoefu hulijaribu pia kwa maji. Chombo cha infraredi kinafanya uamuzi ule ule kwa kutazama iwapo mikanda ya 3695 na 3620 imefutika.

Kuiva, basi, si sitiari ya jikoni iliyopotea njia. Ni jina la badiliko la ndani lisilorudi nyuma kwa kupoa wala kwa kutiwa maji. Ndizi iliyoiva haiwi mbichi tena, na kadhalika wali na tofali. Kifaransa cha darasani huligawanya jambo hili katika istilahi ndefu zinazotaja kupotea kwa haidroksili au kugeuka kwa awamu. Istilahi hizo zina kazi yake, lakini hakuna kati yazo inayomwambia mwanafunzi kwa neno moja kwamba mpaka umevukwa.

4.4 Kuungua

Kuungua ni kuungana na oksijeni kwa moto. Kuni huungua. Metali pia huweza kuungua, kama magnesi inavyofanya kwa mwanga mweupe. Lakini oksaidi ambayo metali yake imekwisha kupokea oksijeni yote inayoweza kuipokea haiwezi kuungua tena. Sentensi ya aina ya "oksaidi iliungua kwa nyuzi 500 na kupoteza maji" ina sarufi safi na kemia mbovu, na mwanafunzi anayeiandika hana wa kumsahihisha ikiwa mwalimu wake anaichukua kuungua na kuiva kuwa neno moja. Zipo oksaidi zinazostahili kitenzi hiki kwa kiasi, kama ile nyeusi ya chuma inayoitwa magnetaiti, ambayo ikipashwa moto mahali penye hewa hupokea oksijeni zaidi na kuwa hemataiti. Moyo mweusi unaoonekana katikati ya baadhi ya matofali yaliyovunjwa una maelezo ya namna hiyo: hewa haikufika ndani, kaboni haikuungua yote na chuma hakikupata oksijeni ya kutosha. Tofali hilo laweza kuwa limeiva huku kilichomo ndani yake hakijaungua. Bila vitenzi viwili tofauti, maelezo haya hayawezekani.

4.5 Kuyeyuka

Kitenzi kuyeyusha hutumiwa mara nyingi kwa tendo la kupata chuma kutoka katika mawe yake. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538, na katika tanuri nyingi za jadi chuma hakikuwa kikiyeyuka; kilichoyeyuka ni takataka za mawe, na chuma kikabaki kama donge la kufuliwa. Tendo kuu lilikuwa makaa kuinyang'anya oksaidi oksijeni yake. Peter Schmidt na Donald Avery, walioandika katika jarida la Science mwaka 1978 kuhusu uhunzi wa Wahaya wa magharibi mwa Ziwa Viktoria, waliiweka teknolojia hiyo mbele ya wanasayansi wa dunia kwa msaada wa wazee waliokumbuka namna ya kuijenga tanuri. Anayefasiri kazi ya aina hiyo kwa kuyeyusha chuma huificha kemia ambayo wazee wale waliitawala kwa mikono. Katika infraredi pia tofauti ni bayana: oksaidi ina mikanda ya mtetemo kati ya chuma na oksijeni, ilhali metali safi huurudisha mwanga na haiachi mikanda hiyo.

5.0 Njeo kama chombo cha kisayansi

Jambo jingine lililopuuzwa ni njeo. Usemi wa Kifaransa oxydes chauffés, sawa na mwenzake wa Kiingereza, hausemi iwapo oksaidi ilipashwa moto kisha ikapoa kabla ya kupimwa, au ilipimwa ingali motoni. Tofauti hiyo si ndogo. Oksaidi iliyopoa huonyesha yale tu yasiyorudi nyuma, na tena inaweza kuwa imenyonya unyevu upya ilipokuwa ikisubiri. Oksaidi iliyo motoni huonyesha mikanda iliyosogea, na juu ya hayo yenyewe hutoa mwanga wa infraredi unaochanganyika na ule wa chombo. Kitu chenye joto la chumbani hutoa kwa wingi zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa maikromita 10 hivi. Kikifika nyuzi 700 kilele hicho husogea karibu na maikromita 3. Mpimaji asiyelijua hili ataihesabu sauti ya tanuri kuwa sauti ya dutu.

Kiswahili hakimruhusu msemaji kubaki na utata huo kwa urahisi. Oksaidi iliyopashwa moto, inayopashwa moto na iliyokwisha kupashwa moto ni hali tatu, na kiambishi ndicho kinachozitenga. Kiswahili cha Bunia, ambacho mara nyingi hudharauliwa kwa kutofuata usanifu, kina umbo lake la ukamilifu: ilishaiva, yaani tendo limekwisha na matokeo yapo. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba umbo hilo si Kiswahili sanifu ana haki ya kusema hivyo katika somo la sarufi. Katika somo la kemia angefanya vyema kuonyesha kwanza kwamba wanafunzi wanayo tayari dhana ya kitendo kilichokamilika na kisichorudi, kisha awape umbo sanifu la kuiandika.

Lililo la kusikitisha ni kwamba tafsiri nyingi za sayansi huivunja nguvu hii kwa kugeuza kila tendo kuwa nomino: upashaji moto wa oksaidi, ufyonzaji wa mwanga, ugeukaji wa awamu. Nomino hizi zinahitajika katika vichwa vya habari na fahirisi. Zikijazwa katika maelezo yote, njeo hupotea, mtendaji hupotea, na msomaji habaki na njia ya kujua kilichotangulia na kilichofuata.

6.0 Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza linalotarajiwa ni kwamba kuiva ni neno la mtaani lenye maana nyingi, na istilahi hudai maana moja. Ni kweli kwamba vigezo vinavyotumiwa na wanaistilahi, vikiwemo vya Kiingi vijulikanavyo kwa kifupi PEGITOSCA, vinatilia mkazo usahihi. Lakini fizikia ya Kiswahili imekwisha kupita njia hii. Neno kazi lina maana nyingi mtaani, na hata hivyo katika fizikia linafafanuliwa kuwa zao la kani na umbali, wala hakuna mwanafunzi anayedhani kwamba swali la mtihani linahusu ajira. Fasili ndiyo inayolifunga neno, si ugeni wake.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: si kila kilichochomwa kikabadilika ndani kimevuka mpaka usiorudika. Matumbawe yaliyochomwa hurudi kuwa kaboneti baada ya kupakwa ukutani. Je, yaliiva? Pingamizi hili linakubaliwa, na linaonyesha umuhimu wa kuweka mpaka. Kuiva kufafanuliwe kuwa badiliko la muundo ambalo kupoa na maji havilirudishi nyuma. Kwa fasili hiyo udongo huiva na chokaa haiivi; chokaa huchomwa, kisha hunywa maji, kisha hushika. Neno linaloweza kukataa mfano ndilo linalostahili kuitwa istilahi.

Pingamizi la tatu ni la ukimataifa: mtafiti atakayeandika kuiva hataeleweka nje. Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza kufuta majina ya kimataifa ya madini wala namba za mikanda. Hemataiti ni hemataiti Bunia na kwingineko, na 3695 haina tafsiri. Kinachopendekezwa ni sentensi inayoyaunganisha majina hayo. Isitoshe, unyambulishaji unatoa familia nzima bila kukopa: kuiva, kuivisha, uivaji, uivishaji. Familia ya namna hii haipatikani kwa kuungaunga mizizi ya Kigiriki na Kilatini.

Udhaifu mmoja wa hoja hii haupaswi kufichwa. Maana za vitenzi vya tanuri hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, na mfinyanzi wa Pemba, mhunzi wa Kagera na mchoma matofali wa Ituri hawana budi kusikilizwa kila mmoja kwa nafasi yake kabla ya fasili kutangazwa. Kazi hiyo ni ya uwandani, na taasisi za elimu ya juu za Bunia zimekaa mahali pazuri pa kuianza, kwa kuwa tanuri haziko mbali na madarasa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tatizo la kuieleza sayansi kwa Kiswahili haliishi orodha ya nomino inapokamilika. Katika uchunguzi wa oksaidi kwa infraredi, nomino za kukopa zinatosha kutaja dutu na chombo, lakini uelewa wenyewe unategemea kutofautisha kupashwa moto, kukauka, kuiva, kuungua na kuyeyuka, na kila kimoja kina alama yake katika spektra au katika kukosekana kwake. Vitenzi hivyo viko tayari. Vinakosa fasili, na vinakosa kutumiwa kwa uthabiti na walimu, wafasiri na watunzi wa vitabu.

Kamusi ya sayansi itakayokuja baada ya ile ya mwaka 1990 itakuwa na manufaa makubwa ikiwa kila nomino ya tendo itaambatana na kitenzi chake, mtendaji wake na sentensi moja ya mfano. Kwa mwanafunzi wa Bunia, manufaa hayo yatapimika kwa jambo dogo. Akiulizwa na mchoma matofali kwa nini tofali jekundu limeyeyuka mvuani, aweze kujibu kwamba kutu yake iligeuka lakini udongo wake haukuiva, na mchoma matofali aelewe kwamba matofali ya upande ule yalihitaji moto zaidi.